Shule katikati ya kijiji: ukumbi ukae wapi?

"Ndugu msanifu, salamu. Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi ya kijiji chetu. Tumepata eneo la hekta tatu katikati ya kijiji. Upande wa magharibi linapakana na uwanja wa mikutano na ofisi ya kijiji, upande wa kusini na barabara kubwa. Tunataka kujenga shule ya msingi ya wanafunzi 300, pamoja na ukumbi na maktaba vitakavyotumiwa na kijiji kizima, na wapo wanaotaka zahanati iwe humo humo. Mchoro wa kwanza umeshaletwa: madarasa yamezunguka ua pande zote nne, ukumbi umesimama katikati 'kama moyo wa kijiji'. Wengi wameupenda. Walimu hawaupendi, ila hawasemi sana. Wazee wanataka shule ihamishiwe mita 300 nje, wakisema mtoto hawezi kusoma penye kelele na kwamba watu wazima kuingiaingia shuleni ni hatari. Tukibaki hapa, tunashauriwa tuzungushe ukuta mrefu. Je, kuchanganya shule na kitovu cha kijiji ni kosa? Na mti mkubwa ulio ndani ya eneo, tuukate?"

Ndugu katibu, nashukuru umeeleza hata yale ambayo walimu hawayasemi. Nitaanza na hao, maana nadhani ndio waliousoma mchoro vizuri kuliko wote. Mwalimu akiutazama ule ukumbi katikati ya ua haoni moyo. Anaona watu mia wakikatiza mbele ya dirisha lake saa nne asubuhi kwenda kikaoni, na simu zao na maongezi yao, na darasa zima limegeuza shingo.

Kuweka shule kwenye kitovu cha kijiji si kosa. Ni wazo la zamani na ni zuri. Kosa liko mahali ulipowekwa ukumbi. Kitu kinachotumiwa na shule na kijiji hukaa ukingoni, pale shule inapogusana na kijiji, kikawa na mlango mmoja huku na mwingine kule. Mkikiweka katikati ya shule, kila anayekwenda kukitumia hana budi apite shuleni, na hapo hofu zote mbili za wazee zinakuwa za kweli.

Nalijua kosa hili kwa sababu nimelifanya. Nikiwa kijana kazini nilichora shule ya mpango huo huo, ukumbi ndani ya ua, nikausifia mwenyewe mbele ya kamati. Mwaka wa kwanza ulitumika sana. Mwaka wa pili mwalimu mkuu akaanza kukataa maombi ya vikao vya mchana. Wa tatu geti la shule likafungwa saa kumi jioni, ukumbi ukiwa ndani, na kijiji kikarudi kukutana nje kwenye jua huku jengo walilolichangia limefungwa kwa kufuli. Hakuna aliyekuwa mbaya. Mwalimu mkuu alikuwa akilinda watoto, kijiji kilikuwa kikidai chake. Mchoro ndio uliowagombanisha.

Wazee wako wakidhani jambo hili ni jipya, waambie lina umri mkubwa. Ufaransa, sheria ya mwaka 1833 iliitaka kila wilaya ndogo ya utawala, hata ya kijiji, iwe na shule ya msingi ya wavulana. Baadaye, hasa baada ya sheria za 1881 na 1882 zilizofanya elimu kuwa bure na ya lazima, vijiji vingi vilijenga nyumba moja yenye ofisi ya meya katikati, darasa la wavulana upande mmoja na la wasichana upande wa pili. Mara nyingi mwalimu ndiye aliyekuwa pia karani wa ofisi. Nyingi zimesimama hadi leo. Tazama zilivyopangwa: ofisi inatazama uwanja wa kijiji, ua wa watoto uko nyuma. Mwenye shida na karani hakutani na watoto wanaocheza.

Mfano wa pili unafanana zaidi na mnachokitaka. Henry Morris, aliyekuwa mkuu wa elimu wa Cambridgeshire huko Uingereza kuanzia 1922, aliona vijana wakivihama vijiji, na watu wazima wakikosa mahali pa kusoma, kukutana na kucheza. Mwaka 1924 alitoa waraka akipendekeza vyuo vya vijiji: shule ya watoto mchana, na katika eneo lile lile maktaba, ukumbi na vyumba vya masomo ya watu wazima. Cha kwanza kilifunguliwa Sawston mwaka 1930. Kinachotajwa zaidi ni cha Impington, kilichochorwa na Walter Gropius na Maxwell Fry na kufunguliwa 1939. Pale kuna njia pana ya ndani, ukumbi na bawa la watu wazima vikiwa vimeshikana nayo, halafu madarasa yamejitenga katika bawa lao lisilo na ghorofa juu, yanapata mwanga pande zote mbili na kutazama nyasi. Eneo ni moja, lakini mtu mzima ana upande wake na mtoto ana wake.

Sasa kelele. Wazee wana hoja, ila dawa waliyoichagua haitibu. Sauti inayotoka mahali pamoja hupungua kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) kila umbali unapozidishwa mara mbili, kama hakuna kizuizi njiani. Chukua kipaza sauti kinachotoa desibeli 85 ukiwa mita 10 kutoka kwake. Mita 20 unasikia 79, mita 40 unasikia 73, mita 80 unasikia 67. Unaona inavyoshuka kwa uvivu. Shirika la Afya Duniani linashauri kelele ya chinichini darasani isizidi desibeli 35 wakati wa masomo, kwa sababu sauti ya mwalimu, ambayo kwa mita moja ni kama 60 au 65, nayo hufifia kabla ya kufika dawati la nyuma. Hata nikikuhesabia kwamba ukuta wenye dirisha wazi hupunguza desibeli 10 hadi 15, ungehitaji kati ya nusu kilomita na kilomita nzima ili kipaza sauti kile kisimsumbue mtoto. Mita 300 za wazee hazitoshi kuua kelele, lakini zinatosha kabisa kuifanya shule iwe mbali na kila kitu.

Kinachoua kelele ni saa na kuta. Saa kwanza: kipaza sauti uwanjani na somo la hesabu darasani visikutane. Kisha kuta: jengo zito lililosimama kati ya kelele na darasa hufanya kazi ambayo umbali haufanyi, mradi lisiwe na matundu yanayotazamana na madarasa. Ndiyo maana ukumbi wenu ukihamia mpakani na uwanja wa mikutano, wenyewe unageuka kuwa ngao. Ukuta wake wa nyuma, unaotazama shule, uwe wa tofali nene bila madirisha makubwa, na upande huo mpange stoo, ngazi za jukwaa na chumba cha viti. Madirisha mapana yatazame uwanjani.

Na kwa kuwa tunazungumzia kelele, niseme moja ambalo kamati nyingi hulisahau: adui mkubwa wa sauti ya mwalimu huwa juu ya kichwa chake. Bati tupu bila dari, mvua ikianza, somo limekwisha. Wengine huipuuza hii wakabishana miezi mitatu juu ya ukumbi. Shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001 na kuchorwa na Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji hicho, ina dari ya matofali ya udongo, na paa la bati limeinuliwa juu yake likabaki pengo. Hewa moto hupita pengoni badala ya kushuka darasani, na bati halipigi ngoma moja kwa moja juu ya watoto. Haihitaji mtambo wowote. Inahitaji fundi aliyeelekezwa vizuri na kenchi zilizokokotolewa na mhandisi, kwa sababu paa lililoinuliwa hushikwa na upepo.

Hofu ya pili ya wazee, ya watu wazima kuingiaingia, naichukulia kwa uzito kuliko ya kelele. Lakini ukuta mrefu si jibu lake. Ukuta mrefu humzuia mpita njia asione kinachotendeka ndani, na mwenye nia mbaya akishavuka yuko salama kuliko alivyokuwa nje. Mtoto hulindwa na mambo mawili: idadi ya milango ambayo mgeni anaweza kuingilia, na macho ya watu waliozoea kuwepo pale. Mlango wa mgeni uwe mmoja, na upitie mbele ya dirisha la ofisi ya mwalimu mkuu. Mipaka mingine iwe majengo yenyewe, yaani migongo ya ukumbi, maktaba na ofisi, na palipobaki wazi wekeni uzio unaoonekana kupitia, kimo cha kutosha mtoto asiuruke. Katika kijiji penye shughuli, muuza duka aliye ng'ambo ya uwanja ni mlinzi asiyelipwa. Mkiihamisha shule porini mmempoteza.

Naomba mfanye kazi moja kabla ya kurudi kwa mchoraji wenu. Chukueni karatasi kubwa, chora mistari ya saa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku. Kisha kwa kila chumba andikeni nani yumo saa ngapi: watoto, walimu, kikao cha kijiji, kwaya, vijana, wazee wanaosoma magazeti, darasa la kisomo cha watu wazima. Fanyeni hivyo kwa siku ya kawaida, kwa siku ya soko, kwa siku ya mkutano mkuu na kwa wakati wa likizo. Mtagundua kwamba ukumbi una migongano michache sana, kwani kijiji huuhitaji hasa jioni na mwisho wa wiki. Uwanja wa michezo hivyo hivyo. Maktaba ndiyo itakayowasumbua, kwa sababu mtu mzima na mtoto huitaka saa zile zile.

Karatasi ikishajaa, chukueni kalamu ya rangi na kwenye mchoro wa jengo wekeni alama kila mlango: huu unafungwa na nani, saa ngapi, na ufunguo analala nao nani. Mimi siku hizi siamini mchoro wa shule ya kijiji mpaka nimeona karatasi hiyo. Ukumbi mzuri una milango miwili mikubwa. Wa shule hufunguliwa asubuhi huku wa uwanjani umefungwa, na jioni kinyume chake. Hakuna saa ambayo yote miwili iko wazi bila mtu wa shule kusimama pale. Kisha angalieni choo: kikao kikianza jioni watu watakwenda choo gani? Kama jibu ni cha watoto, basi mlango mlioufunga mmeufungua tena kwa nyuma. Ukumbi uwe na vyoo vyake, vinavyoingiliwa kutoka upande wa umma. Taa za nje na bomba la maji vifuate mpaka huo huo. Ila milango ya kutokea wakati wa moto haiingii katika mambo ya funguo hata kidogo. Ukumbi uwe na milango ya kutosha, iliyo mbalimbali, inayofungukia nje na kufunguka kwa kusukumwa kutoka ndani bila ufunguo. Hapo msikubali mzaha wa mtu yeyote anayesema "tutaweka mnyororo tu usiku".

Viti pia, ukitaka kuniona mchokozi. Ukumbi wa pamoja ukijazwa viti vya watu wazima, mtoto wa darasa la kwanza ananing'inia miguu saa nzima. Ukijazwa vya watoto, mzee hakai. Shule ya Crow Island iliyofunguliwa mwaka 1940 huko Winnetka, Marekani, kazi ya Eliel Saarinen na mwanawe Eero pamoja na ofisi ya Perkins, Wheeler & Will, iliweka ukumbini viti vya kimo kinachopanda: vidogo mbele, vikubwa nyuma. Kwenu benchi za vimo viwili zitatosha, na stoo ya kuzihifadhi iwe pana kuliko mnavyofikiri.

Kuhusu maktaba, mna njia tatu na hakuna iliyo kamili. Ya kwanza ni kugawa saa: watoto mpaka alasiri, umma baada ya hapo. Ni rahisi na ni salama, lakini inamfukuza mzee au mama mwenye nafasi asubuhi tu. Ya pili ni chumba kimoja chenye milango miwili, meza ya mkutubi ikiwa katikati kiasi kwamba anaona pande zote, vitabu vya watoto upande wa shule na magazeti upande wa uwanja. Hii ndiyo ninayoipenda, lakini inasimama au kuanguka kwa mtu mmoja: mkutubi asipokuwepo, mlango wa umma haufunguliwi. Ya tatu ni vyumba viwili vyenye stoo moja ya vitabu. Ni ghali, ila kama hamna uhakika wa mshahara wa mkutubi, chumba kidogo cha kusomea chenye mlango wa nje tu, kisichofungukia shuleni, kitawahudumia watu wazima miaka mingi bila kumsumbua mtu.

Zahanati naikataa, angalau ndani ya ua mmoja na shule. Foleni ya wagonjwa huanza alfajiri, wengine wana homa na vikohozi vya kuambukiza, magari ya wagonjwa huingia bila kupanga saa, na taka zake zinahitaji njia na tanuri lake. Hakuna karatasi ya saa itakayoviachanisha hivyo na watoto. Iwekeni ng'ambo ya uwanja wa mikutano, upande ambao upepo hauvumi kuelekea shuleni. Itakuwa bado kwenye kitovu cha kijiji, na mtoto akiumia inafikika kwa dakika tatu.

Sasa kuna mgongano ambao barua yako imeutaja bila kujua. Uwanja wenu uko magharibi mwa eneo. Kila mtu atataka shule "iutazame uwanja", na mchoraji atapanga safu ya madarasa ikielekea huko. Jua la alasiri litaingia moja kwa moja kupitia madirisha hayo, likiwa chini kiasi kwamba hakuna kipaa, yaani ukingo wa paa unaotokeza nje ya ukuta, cha kulizuia. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, pande ndefu za darasa hutakiwa zitazame kaskazini na kusini. Jua hupita juu, na kipaa cha kawaida au varanda hutosha kulikinga, huku kuta fupi zisizo na madirisha zikipokea mashariki na magharibi. Kwa hiyo uso wa shule kwa kijiji usiwe madarasa. Uwe ukumbi, maktaba na ofisi, vikipangwa kwenye mpaka wa magharibi nyuma ya varanda ndefu yenye kivuli kizito. Madarasa yawe safu nyuma yao, yakiwa yamegeuka, kama meno ya kitana yanavyotoka kwenye mgongo wake. Mnapata uso wa heshima uwanjani, ngao ya kelele na jua sahihi, yote kwa uamuzi mmoja.

Kila safu iwe na upana wa darasa moja na varanda upande mmoja, msiruhusu madarasa mawili yaliyopeana migongo na ushoroba wenye giza katikati. Mwanga wa dirisha huingia chumbani kiasi cha mara mbili hadi mbili na nusu ya kimo cha juu cha dirisha. Dirisha linaloishia mita 2.7 linahudumia kama mita 5.4 hadi 6.7. Darasa la upana wa mita saba lenye madirisha upande mmoja lina dawati gizani. Lenye madirisha pande mbili halina. Na hewa nayo hupenya kutoka upande hadi upande. Kati ya safu na safu acheni nafasi ya kutosha, kisha ua ulio kati yao uwe wa madarasa yale yanayopakana nao. Watoto wadogo wawe na ua wao.

Ua wa pande nne uliofungwa, kama ulivyo kwenye mchoro wenu, una kasoro nyingine: haukui. Wanafunzi 300 wa leo hawatabaki 300. Kitana unaweza kukiongezea jino.

Vyoo nitapita haraka, maana kanuni zake zinajulikana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa shule unataka tundu moja kwa wasichana 25, na moja kwa wavulana 50 pamoja na sehemu ya kukojolea. Kwa 300 wenu, mkiwa na nusu kwa nusu, ni matundu sita ya wasichana na matatu ya wavulana, mbali ya walimu. Maji ya kunawa yawe pale pale, siyo mbele kidogo. Mkichimba shimo, liwe angalau mita 30 kutoka kisimani.

Barabara kubwa iliyo kusini ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote uliyoniandikia, na umeitaja kwa maneno mawili tu. Mtoto mdogo hawezi kukadiria mwendo wa gari linalokuja. Halitibiwi kwa kumfundisha, akili yake bado haijafika hapo. Mwaka 1929 Clarence Perry wa Marekani alipopendekeza mitaa ipangwe kuizunguka shule ya msingi, watu wakitembea kama mita 400 kuifikia, alisukuma barabara za magari ya kupita hadi mpakani mwa mtaa. Sababu yake haijabadilika. Geti la watoto liwe upande wa uwanja wa mikutano, kamwe lisiwe kusini. Gari la vifaa liingie kwa geti jingine lililo mbali. Ombeni mamlaka ya barabara matuta na kivuko, na mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa mbele ya eneo. Kama nusu ya watoto wanatoka ng'ambo ya barabara hiyo na mamlaka imekataa kuipunguza kasi, basi hapo nitaungana na wazee: tafuteni eneo jingine, lililo upande wa watoto wengi. Nitaungana nao pia ikiwa eneo hujaa maji msimu wa mvua, au hati yake ina mgogoro. Mbali ya hayo, bakini.

Kabla ya kumwaga zege, andikeni makubaliano. Nani analipa umeme wa kikao cha usiku? Wekeni mita mbili tangu mwanzo, ya shule na ya upande wa umma, nanyi mtakuwa mmezika nusu ya ugomvi. Nani anafagia Jumatatu alfajiri baada ya sherehe ya Jumapili? Kiti kikivunjika? Dirisha? Nani ana neno la mwisho mwalimu mkuu na mwenyekiti wakitofautiana? Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwa hiyo mimi hupendekeza saa za masomo neno la mwisho liwe la mwalimu mkuu bila mjadala, na baada ya saa hizo liwe la mtu mmoja aliyetajwa kwa cheo, siyo la kamati nzima. Na ada yoyote ya kukodi ukumbi iingie kwanza kwenye mfuko wa matengenezo.

Fedha zikiwa hazitoshi, na nahisi hazitoshi, anzeni na maji, vyoo, madarasa na ofisi. Ukumbi uachieni kiwanja chake pale ukingoni na msiruhusu mtu akimege. Msidanganywe na kuta za kukunja zinazogeuza madarasa mawili kuwa ukumbi. Nimeziona nyingi: sauti hupita kana kwamba hakuna ukuta, na baada ya miaka michache hazikunjiki.

Hayo ninaweza kuyasema kwa barua. Kuna mambo ambayo mtu lazima aje akanyage. Mpima ardhi ahakiki mipaka kwa mawe, siyo kwa kumbukumbu za watu. Mhandisi achimbe mashimo ya kupima udongo kabla msingi haujachorwa, hasa kama udongo wenu hupasuka kiangazi na kuvimba masika, kwani udongo wa namna hiyo huvunja kuta nzuri kabisa. Ukumbi una paa pana. Kenchi zake zikokotolewe na mhandisi mwenye leseni, siyo fundi aliyezoea nyumba. Zimamoto waone mchoro mngali na uwezo wa kuufuta. Na walimu waitwe peke yao, bila viongozi chumbani, waulizwe tena kuhusu mchoro.

Mti msiukate. Kivuli kikubwa namna hiyo mtasubiri miongo mingi kukipata tena, na pengine ndio ulikuwa ukumbi wenu wa kwanza. Mwiteni mtaalamu wa misitu aukague kama una uozo au matawi ya kuanguka, msiweke msingi wala shimo la choo chini ya upana wa matawi yake, na msiusakafie mizizi kwa zege. Kisha mpimaji akishamaliza, niandikie uko umbali gani kutoka mpaka wa magharibi. Ukiangukia karibu na pale geti la watoto linapotakiwa kuwa, mzazi anayesubiri mwanawe saa nane ana mahali pa kukaa, naye atakuwa nje ya shule.